Tundu Mahali pa Muhuri

Ukitaka kujua Rumyana Velchova ni mtu wa namna gani, mpelekee kahawa akiwa kazini. Kabla kikombe hakijagusa meza, karatasi zote zitakuwa zimelala kifudifudi. Hata kahawa hiyo ikiletwa na mimi, ambaye nimekaa naye ofisi moja miaka nenda miaka rudi, meza yangu dirishani, yake mlangoni, na katikati yetu jiko la umeme tunaloligombania kila majira ya baridi. Mimi ni wakili wa mipaka ya mashamba. Kesi zangu mji mzima unazijua, maana wateja wangu wanazipigia kelele barabarani. Kesi zake yeye ni za ndoa na watoto, na hapa kwetu kando ya mto Danyubi hakuna aliyewahi kusikia hata neno moja la kesi hizo kutoka kinywani mwake. Watu wanamwita Kufuli.

Nimemwona kwenye karamu ya msiba amekalishwa kando ya mama mkwe wa mteja wake mwenyewe. Mama yule alimchokonoa kwa maswali mpaka maharage yakapoa. Rumyana alikula, akanywa kidogo rakia yake, ile pombe kali ya matunda, akajibu kwa swali lile lile kila mara: "Maharage haya kayapika nani? Matamu kweli." Mumewe Metodi, fundi wa pampu za maji, alikuja kujua baada ya hukumu kutoka kuwa mkewe ndiye aliyemtetea binamu yake yeye Metodi, tena alizipata habari hizo kwa kinyozi.

Siwafichi, jambo hilo lilikuwa linaniudhi. Mtu unakula naye chumvi kila mchana, halafu anakufichia hadi jina la mteja aliyepishana nawe mlangoni! Nilimwambia siku moja, "Wewe bibie, ukifa tutakuzika na kabati lako la majalada." Akasema kabati ni la ofisi, lazima libaki.

Basi, mwisho wa baridi moja akaja Zhivka. Alikuwa amejifunga kitambaa mpaka machoni, na mkono wake wa kushoto haukupanda juu vizuri. Mumewe alikuwa Krasen, mwenye malori ya magogo, mtu anayesalimiana na kila mtu kwa kucheka. Ndiye aliyemvunja mfupa wa bega. Zhivka alikuwa amemtoroka pamoja na binti yake mdogo, na alikokwenda kulijulikana na watu wawili tu, yeye mwenyewe na Rumyana. Alitaka talaka, na alitaka mtoto abaki kwake. Na alitaka ahadi moja, ambayo niliisikia kwa kuwa aliisema kwa sauti: kwamba mahali anapoishi hapataandikwa kwenye karatasi yoyote. Rumyana akamwapia.

Kuapa ni rahisi. Kwetu, ukimshtaki mtu, kila ukurasa unaoupeleka mahakamani nakala yake anapewa yeye. Huwezi kumnong'oneza jaji. Kwa hiyo Rumyana akaanza kazi ya kufuta. Kwenye anwani ya mdai akaweka ofisi yetu. Kwenye ripoti ya daktari akapaka wino mweusi juu ya jina la hospitali, kisha akaitoa fotokopi, asije mtu akaiinua kwenye mwanga na kusoma kilicho chini ya wino. Namba za simu zikaenda. Jina la mwenye nyumba likaenda. Nilimwona akilowesha kidole na kugeuza kurasa, akirudi mwanzo, akigeuza tena, mpaka nikachoka mimi niliyekuwa natazama tu.

Karatasi ya mwisho ilikuwa barua ya mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, kuthibitisha kuwa mtoto anakuja msafi, anakula, anaimba na wenzake. Rumyana alikuwa amemwomba mwalimu asiandike anwani, na mwalimu hakuandika. Alichofanya ni kutia sahihi na kugonga muhuri, kama mtu yeyote wa nchi hii mwenye akili timamu. Maana kwetu karatasi isiyo na muhuri si karatasi. Tunautazama kama upo. Haupo, tunamrudishia mtu barua yake usoni. Upo, tunageuza ukurasa. Umezaliwa ukiiona miduara ile ya buluu kwenye kila kitu, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi risiti ya kaburi, na wala haikupitii akilini kuwa ndani ya duara kuna maneno.

Hati ikapelekwa masjala ya mahakama mchana. Siku iliyofuata tukakaa kula, mkate, jibini, na mayai niliyoyachemsha mimi. Nikalishika langu, nikaona kwenye ganda ile chapa nyekundu ya namba wanayogongewa mayai yote ya dukani.

"Hata kuku wa nchi hii hawatagi bila muhuri," nikasema.

"Kula yai lako, Iskra."

"Ngoja kwanza tujue huyu kuku ni mtu wa wapi." Nikavaa miwani, nikaligeuzageuza. "Lo! Wameandika mpaka banda lake! Maskini kuku, hana pa kujificha."

Rumyana akaacha kutafuna. Akainuka na chumvi vidoleni, akafungua kabati, akatoa nakala yake ya jalada na kuiweka mezani wazi, mbele yangu. Ndipo nikajua kuna jambo kubwa. Akaweka kidole kwenye muhuri wa shule na kuanza kuizungusha karatasi polepole, akiyafuata maandishi yaliyofifia.

"Shule ya chekechea," akasoma, "Zlatograd."

Zlatograd ni mji mdogo milimani, kusini kabisa. Mwanamke mgeni mwenye mtoto na mkono mbovu, utaulizia dukani mara moja tu, utaonyeshwa mlango.

"Iskra," akasema, "nimempelekea Krasen anwani ya mtoto."

Sikuwahi kumsikia na sauti ile. Lakini hakukaa nayo. Alikuwa ameshika simu tayari, akiongea na karani wa masjala. Nakala za mdaiwa zilikuwa zimetoka asubuhi, ndani ya mkoba wa Mzee Naiden, mpeleka hati wa mahakama.

"Mtafute Naiden," akaniambia huku akivaa viatu. "Mkalishe mahali. Usimdanganye, na bahasha usiiguse. Mimi naenda kwa jaji."

"Nitamkalishaje bila kumdanganya?"

"Unamjua Naiden. Mshike kwa tumbo."

Nilimkuta mbele ya duka la mkate, akikagua dirisha kama mtu anayechagua mchumba. Nikamsukuma ndani, nikamwagizia banitsa, andazi la matabaka la jibini, la moto, likivuja siagi, na glasi kubwa ya maziwa ya mgando. Akaniangalia kwa wasiwasi.

"Dada Iskra, leo umeota nini? Tangu lini mawakili wa mashamba wanalisha watu?"

"Kula, Mzee Naiden. Umekonda."

"Mimi? Nimekonda?" Akalishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mke wangu akusikie!"

Alikula. Alisimulia kwamba asubuhi amefika kwenye geti la Krasen, mbwa wamemtoa mbio, na Krasen mwenyewe hakuwepo, yuko msituni na malori. Atarudi tena akishamaliza kula. Mkoba ulikuwa sakafuni karibu na kisigino chake, na ncha ya bahasha imetokeza. Nikamwagizia kipande cha pili. Nikamuuliza habari za wajukuu, nikamuuliza habari za magoti. Mwisho nikaishiwa.

"Mzee Naiden, ukichelewa kidogo leo, dunia haitaharibika."

Akaacha kutafuna. Mzee huyo si mjinga. "Kuna kitu humo ndani?"

"Sijasema kitu."

"Ehe. Kufuli amekutia kufuli na wewe." Akajifuta midomo, akatazama pembeni, akausogeza mkoba kwa mguu mpaka ukagusa kiatu changu. "Mimi nakwenda kunawa. Mgongoni sina macho."

Nawaambia kweli, mkono wangu ulikuwa umeshuka tayari. Nikajizuia, nikampigia Rumyana. Alikuwa kwenye ukumbi wa mahakama, akinong'ona.

"Ninayo hapa, duka la mkate, Rumyana. Naichukua, naichana, yamekwisha."

"Ukiigusa hiyo bahasha, usirudi ofisini."

"Mtoto yumo humo ndani, we mwanamke!"

"Najua aliyemo. Na tukiiba, wakili wa Krasen atauliza kilichoibwa ni nini, na atakuwa na haki ya kujibiwa. Iache." Akakata simu.

Nilimtukana, kwa sauti, mpaka mwenye duka akageuka. Kisha nikausukuma mkoba ukarudi ulipokuwa.

Yaliyotokea mahakamani nilisimuliwa na karani baadaye. Jaji Kalinov alikuwa katikati ya kesi ya watu wengine. Rumyana aliingia, akasimama mbele kabisa, mikono chini, mpaka jaji akashindwa kuendelea na kumuuliza kulikoni. Akajibu, "Mheshimiwa, nimefanya kosa, na kosa langu linatembea mjini ndani ya mkoba." Mawakili waliokuwepo wakacheka. Jaji hakucheka. Akaahirisha kidogo, akamsikiliza chumbani kwake, akaandika amri kwa mkono wake: bahasha irudishwe, ile barua ifungiwe isionwe na mtu, nakala nyingine itengenezwe. Karani alikuwa ameshavaa koti aende kula. Rumyana akasimama mlangoni akaziba njia, akamwambia kwa upole kwamba chakula atakila, ila kwanza agonge muhuri.

Huku dukani Mzee Naiden alikuwa amerudi, ameukuta mkoba wake ulivyo, na amenitazama kwa heshima mpya au kwa dharau, sikuelewa. Mara lori la magogo likasimama nje. Krasen akashuka, anapangusa mikono kwenye suruali, anacheka na mwenye duka kupitia kioo. Mzee Naiden akasimama. Ni kazi yake. Akimwona mwenye barua yake, anampa barua yake. Nikamshika mkono wa koti.

"Niachie, dada," akasema taratibu. "Nimeapa na mimi."

Mara Rumyana akampita Krasen mlangoni, akaingia. Hakuwa na koti, na kiatu kimoja kilikuwa cha matope mpaka kifundoni, maana alikuwa amekatiza bustani inayochimbwa mabomba. Akaiweka amri juu ya meza, kati ya sahani.

Mzee Naiden akaisoma, midomo ikichezacheza. "Muhuri?"

"Huo hapo. Na huo nimeusoma, mzee. Wote, duara zima."

Akatoa bahasha, akaikagua mbele yetu kama imefungwa. Ilikuwa imefungwa. Akampa Rumyana, akamsainisha. Wino haujakauka, Krasen akawa amesimama juu yetu, mkate kwapani.

"Mzee Naiden! Nasikia mbwa wangu wamekukimbiza. Una kitu changu?"

"Nilikuwa nacho. Jaji amekiita."

Krasen akamgeukia Rumyana, bado anatabasamu. "Mama wakili, mnanificha nini?"

"Una wakili wako. Muulize yeye."

"Nitampata tu, unajua," akasema, kwa upole uleule, kama mtu anayeongelea hali ya hewa. "Hii nchi ni ndogo."

"Basi itakubidi utembee yote," Rumyana akasema, akaitia bahasha kifuani, ndani ya blauzi, akatoka.

Ofisini nilikuwa tayari kusherehekea. Nikatoa chupa ya rakia iliyofichwa nyuma ya vitabu vya sheria za ardhi. Rumyana alikuwa anatafuta namba kwenye simu yake.

"Unampigia nani?"

"Zhivka."

"Umwambie nini?"

"Kwamba nilimwandika."

"Una wazimu? Bahasha imefungwa, barua imefungiwa, hakuna aliyeona! Umepona! Huyu mwanamke alikuwa halali usiku, ndiyo kwanza ameanza kupata usingizi, wewe unataka kumtia hofu ya bure? Kufuli mzima, umefunga siri za mji huu wote, leo unashindwa kufunga hii moja ndogo?"

"Hii si yake, Iskra. Hii ni yangu. Zake ndizo nimeapa kufunga." Akaketi. "Jalada lilikaa masjala tangu jana mchana. Nani alilifungua, mimi sijui, na wewe hujui. Yeye ndiye anayelala kule na mtoto. Aamue akiwa anajua."

Nikasema Zhivka atamfukuza kazi. Akasema huenda. Nikasema atashtakiwa kwenye baraza la mawakili. Akasema barua ya kujishtaki ataiandika mwenyewe, mchana huohuo, na kweli aliiandika. Nilikasirika mpaka nikanywa peke yangu.

Simu ilipokelewa. Chumba chetu ni kidogo, na sauti ya Zhivka ilisikika mpaka mezani kwangu. Rumyana alieleza yote bila kupamba: muhuri, bahasha, jaji, na lile neno la Krasen dukani. Akasema pia kwamba mwenzake wa ofisini amelisikia jina la mji.

"Ulisema sitaandikwa popote."

"Nilisema."

"Uliapa."

"Niliapa. Nimekosea mimi. Si mwalimu, si karani. Mimi."

Simu ikakatika. Rumyana aliiweka mezani, kifudifudi, akabaki ameitazama. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nilitamani kusema, nilikuambia, na kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza.

Zhivka alipiga baada ya siku kadhaa. Amehama, akasema, na hatasema amehamia wapi. Kesi ataendelea nayo Rumyana, maana hana nguvu ya kumsimulia mtu mwingine habari za mfupa wake. "Lakini sikuambii nilipo. Usiniulize." Rumyana akajibu kwamba hataki kujua. Baraza la mawakili likampa onyo, na onyo lile akalitundika ukutani juu ya meza yake, mahali ambapo wengine huweka shahada.

Kesi ikasikilizwa majani yalipoanza kupukutika. Zhivka alikuja peke yake, akatoa kwenye pochi barua mpya ya shule mpya na kumkabidhi Rumyana mlangoni. Nilikuwa nimewasindikiza, nikaiona. Chini ya sahihi ya mwalimu, mahali pa muhuri, palikuwa na tundu. La duara, limekatwa vizuri kwa mkasi mdogo. Rumyana alilitazama, akapitisha kidole chake pembeni ya tundu, akaitia barua kwenye jalada.

Wakili wa Krasen aliiinua juu kwa vidole viwili, akachungulia kwenye tundu. "Mheshimiwa, hii si hati, hili ni chujio! Bila muhuri hii ni karatasi ya kufungia karanga."

Watu wakacheka. Rumyana akasimama.

"Mheshimiwa, tundu hilo ni langu. Mteja wangu alikuwa na barua nzima, yenye muhuri mzima, na mimi wakili wake nikautoa nje bila kuusoma. Safari hii amejilinda mwenyewe, na amefanya vizuri kuliko mimi. Kipande alichokikata anacho. Naomba akuonyeshe wewe peke yako. Sote tutoke, upande wao na mimi pia. Ukilinganishe na tundu, uandike neno moja tu: kimeingia au hakikuingia."

"Na wewe utoke?" jaji akauliza. "Ni mteja wako."

"Hasa mimi."

Nimekaa kwenye mahakama ile miaka yangu yote ya kazi, na sijawahi kuona wakili akiomba kutolewa nje ili asijue jambo la mteja wake. Wakili wa Krasen akapinga, akataja vifungu vya sheria. Rumyana akavijibu kimoja baada ya kingine. Alikuwa amevisoma tangu masika, kila mchana, akila mayai yake. Jaji akafikiri, kisha akatuelekeza mlango sote.

Ukumbini Krasen na wakili wake walikaa kwenye benchi la mbali. Rumyana hakukaa. Alisimama ameupa mgongo ule mlango, mikono nyuma, na mtu yeyote aliyetaka kuukaribia angepita juu yake kwanza. Mwishowe mahakama iliamua mtoto abaki kwa mama yake. Hukumu ilitoka baadaye, na ndani yake jaji aliandika neno lile moja, kimeingia.

Siku ile, Zhivka alitoka kwa jaji akiifunga pochi yake. Walitazamana, yeye na Rumyana, na nilidhani hawatasemeshana. Zhivka alivaa kofia ya sufu, akaivuta mpaka masikioni, akasita. Nadhani alitaka kumpa kitu, chochote, kidogo tu.

"Huko kwetu," akasema, "theluji imeshaanza kushu..."

Rumyana akamziba mdomo kwa kiganja chake.

"Hata theluji usiniambie," akasema.

Zhivka akacheka nyuma ya kiganja kile. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Kisha Rumyana akamshika ule mkono mbovu, akajiweka upande wa benchi la Krasen, akamtembeza taratibu mpaka nje.